Kioo Kimekaa, Mlango Je?

Mwezi wa Julai 2023 nilitengeneza kioo cha mlango wa gari chini ya mwembe wa mjomba wangu, pale Igalula, na tangu siku hiyo nina swali ambalo halijaniacha. Swali lenyewe si la ufundi. Ufundi niliumaliza kabla jua halijatua. Swali ni hili: mtu akirekebisha kinachoonekana, akanyamazia kisichoonekana, je, amesema uongo? Na kama ni uongo, ameusema kwa mdomo upi, maana hakufungua kinywa?

Usicheke, msomaji. Najua kurasa hizi umezizoea kwa mapenzi, siasa na vituko vya kijiweni, na mimi nakuja na spana namba 10 mkononi. Nivumilie. Mimi mchana nashinda gereji ya mtaani, Ilala, usiku naandika, na sijawahi kuona ukuta unaozitenga kazi hizo mbili. Mikono ni ileile. Grisi huwa haitoki yote.

Igalula ipo wilaya ya Uyui, mkoa wa Tabora, kwenye Reli ya Kati ambayo Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya reli, nchi hii ilikatwa na njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na kuendelea mpaka Ujiji. Babu zetu Wanyamwezi ndio waliokuwa magari ya wakati ule: mzigo wa kilo 30 hivi begani, miezi miwili mitatu njiani. Wazee wanasema hata miembe mingi ya Tabora ni mabaki ya misafara hiyo, watu walikula wakatupa kokwa. Sijui kama mwembe wa mjomba nao ni wa ukoo huo. Ninachojua ni kwamba kivuli chake kinatosha Subaru Forester moja, fundi mmoja, na watoto kumi na wawili wanaomtazama fundi huyo bila kupepesa macho.

Gari lilikuwa la mjomba. Mtumba wa Kijapani, kama magari yetu mengi, alilinunua mwaka 2019 kwa fedha za tumbaku. Lilikuwa likipeleka abiria Tabora mjini, na usiku likipeleka wagonjwa, na mara nyingi wagonjwa hao hawakuwa na nauli, na mjomba hakuwa mtu wa kumshusha mgonjwa. Kwa hiyo gari lilikula zaidi ya lilivyoleta. Mwaka ule wa 2023 binti yake, binamu yangu, alipata nafasi chuo cha uuguzi. Mjomba akaamua kuuza. Bei walikubaliana milioni 8. Milioni 6 tayari zilikuwa na wenyewe: deni la pembejeo, deni la mabati, deni la msiba. Milioni 2 zilizobaki zilikuwa za binti: ada, bweni, sare, godoro.

Mnunuzi alikuwa mwalimu mstaafu, Mzaramo aliyepangiwa kazi Tabora enzi za ujana wake, akaoa, akabaki. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu zama hizohizo za misafara, kwa hiyo mauziano yalianza kwa matusi na vicheko. "Nyie wapagazi mtaniuzia mzigo mbovu," alisema. Mjomba akamjibu, "Na nyie wa pwani mlituuzia shanga kwa pembe za ndovu, leo tunarudisha deni." Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Lakini mwalimu aliweka sharti moja. Kioo cha mlango wa nyuma kushoto kilikuwa kimekaa upande. Ukienda kasi upepo unapiga mluzi, vumbi linaingia, na mvua ikinyesha kiti kinalowa. "Pale atakaa mjukuu wangu," mwalimu alisema. "Kitengenezeni, nije nichukue gari."

Nami nilikuwa likizo. Mjomba akaniita, "Mpwa wangu, wewe si ndiyo kazi yako hiyo mjini?"

Ndiyo kazi yangu.

Sasa ngoja nikueleze kazi yenyewe, kwa sababu swali langu limekaa ndani ya kazi hiyo, na usipoiona kazi hutaliona swali. Milango ya magari mengi ina fremu ya chuma inayozunguka kioo. Kioo kinapanda ndani ya fremu kama mtoto anayeshikwa mikono miwili. Ila yako magari ambayo kioo kimesimama chenyewe, hakina fremu: Forester za mpaka miaka ya 2000, Toyota Chaser za miaka ya 1990, na mengine ya aina hiyo. Ukifunga mlango, kioo chenyewe ndicho kinachokwenda kubanana na raba iliyopita pembeni mwa paa. Ni kizuri kwa macho. Lakini kikihama kidogo tu, utajua.

Kazi hii mtu anaweza kuifanya nyumbani, haihitaji mashine. Unahitaji bisibisi mbili, ya nyota na ya bapa, spana namba 10, kitambaa, chaki na subira. Unafungua skrubu za mshikio na za pa kuwekea mkono, kisha unaling'oa kava la ndani la mlango polepole kwa bisibisi ya bapa uliyoizungushia kitambaa, klipu moja baada ya nyingine. Ukitumia nguvu klipu zinakatika, na klipu Igalula haziuzwi. Nyuma ya kava kuna nailoni iliyobandikwa. Wengi huichana na kuitupa. Usiitupe. Ile ndiyo inayozuia maji yanayoteremka na kioo yasiingie kwenye kava na kwenye mazulia. Ibandue taratibu, utairudisha.

Hapo utaiona mashine ya kioo, reli zake, na bolti zinazokibana kioo. Matundu ya bolti hizo ni marefu kidogo kuliko bolti, makusudi, ili kioo kiweze kusogezwa. Kabla ya kulegeza chochote, chora kwa chaki kuzunguka kila bolti. Chaki hiyo ndiyo njia yako ya kurudi. Fundi aliyenifundisha alikuwa akisema mtu asiyeweka alama mahali alipotoka hana haki ya kusema amepotea.

Kioo kinasogea pande tatu. Kwanza juu na chini: kuna vizuizi vinavyokiambia kioo kiishie wapi kikipanda. Kikizidi juu, kinagonga kwenye raba kila ukifunga mlango, na siku moja kitapasuka. Kikipungua, upepo na maji vinapita. Pili mbele na nyuma: kikiinama mbele, kona ya nyuma inaachia mwanya. Tatu ndani na nje, na hapa ndipo wengi wanapotatizika, maana mambo yanakwenda kinyume. Ukisukuma chini ya reli kwenda nje, juu ya kioo kunalala ndani. Ni kama pembea ya watoto, huku kukishuka, kule kunapanda. Unalegeza bolti nusu mzunguko tu, unasogeza unene wa ukucha, unakaza, unafunga mlango, unatazama. Na unasogeza upande mmoja kwa wakati mmoja. Ukisogeza yote matatu kwa pamoja, hutajua kipi kimeponya na kipi kimeharibu.

Kipimo chake ni karatasi. Unakata kipande cha gazeti, unakiweka kati ya kioo na raba, unafunga mlango, unavuta. Kikitoka bila kinyongo, hapo hapajabana. Kikigoma mpaka kichanike, pamebana mno. Kinatakiwa kitoke kwa kulalamika. Unapima hivyo kuzunguka kioo chote. Mwisho unamwagia maji kwa kopo, taratibu, kama mvua, mtu mwingine akiwa amekaa ndani na kuangalia.

Mimi nilianza saa tatu asubuhi. Ilipofika saa tisa alasiri gazeti lilikuwa linalalamika vizuri kuzunguka kioo chote. Mtoto mmoja alijitolea kukaa ndani, tukamwaga maji ndoo mbili, akatoka mkavu, wenzake wakampigia makofi kana kwamba yeye ndiye fundi. Nikarudisha nailoni, nikarudisha kava. Nikafunga mlango. Kioo kikakaa kama kilivyotoka kiwandani. Aisee, nilijisikia mtu.

Nilipokuwa nakusanya spana, nikauegemea ule mlango ukiwa wazi, na ukapanda. Msomaji, mlango wa gari haupandi. Nikaushika mwishoni kwa mikono miwili, nikaunyanyua: ukapanda karibu nusu sentimita, nikauachia, ukashuka na mlio wa chuma. Bawaba ya juu ilikuwa imeliwa. Nikachungulia nguzo iliyoshika bawaba hizo, chini ya rangi nikaona mawimbi ya puti. Nikakumbuka. Mwaka 2021 gari hili liligongwa ubavuni na lori likirudi nyuma, fundi bodi mmoja akalinyoosha, akalipaka, likarudi kazini. Nguzo haikuwa imenyooka. Ilikuwa imefunikwa.

Nikatazama loki. Loki ya mlango ina hatua mbili: ya kwanza inaushika mlango usifunguke kabisa, ya pili ndiyo inayoufunga kwelikweli. Kwa kuwa mlango ulikuwa umening'inia, loki ilikuwa inapiga chini ya pale inapotakiwa, chuma kimechubuka na kung'aa. Ukifunga kwa nguvu, inaingia hatua ya pili. Ukifunga kama watoto wanavyofunga, inaishia ya kwanza, na mlango unaonekana umefungwa.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekifanya tangu saa tatu. Kabla ya kugusa kioo nilipaswa kuunyanyua mlango, ni somo la wiki ya kwanza gereji, na mimi nilirukia kioo kwa sababu kioo ndicho kilicholalamikiwa. Kisha nikakiinamisha kioo ndani ya mlango ili kifuate mlango unaoanguka. Kilionekana kimenyooka kwa sababu nilikuwa nimekipinda kwa ustadi. Na ubaya ni huu: kabla sijakigusa, ule mwanya na ule mluzi wa upepo ndivyo vilivyokuwa vikimwambia kila abiria kwamba mlango huu una shida. Mimi niliunyamazisha mluzi.

Nikamfuata mjomba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anakoboa mahindi.

"Mjomba, kioo kimekaa. Ila mlango wenyewe mgonjwa. Bawaba ya juu imekwisha, na nguzo imepinda tangu ile ajali."

"Kioo kinafunga, hakifungi?"

"Kinafunga."

"Maji yanaingia?"

"Hayaingii."

"Basi. Mwalimu alilalamikia kioo. Nguzo hakuilalamikia." Akaendelea kukoboa. Kisha akasema taratibu, bila kuniangalia, "Na wewe mpwa wangu, mimi gari hili nimelipanda miaka miwili hivyohivyo. Mwaka huu mdogo wako anakwenda chuo."

Nikanyamaza. Huyu ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Shule nimesoma kwa tumbaku yake. Jioni mwalimu alikuja, akafunga mlango, akafungua, akafunga tena, akanisifu mbele ya watu kwamba vijana wa siku hizi bado wapo wenye mikono. Akatoa milioni 2 za awali, akasema atarudi Jumamosi na nyingine. Nami nilisimama palepale nikitabasamu, na sikusema neno hata moja la uongo.

Sasa tuingie kwenye swali.

Swali hili ni kuukuu kuliko gari lolote. Mrumi Cicero, katika kitabu chake juu ya wajibu alichoandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anaeleza ubishi wa wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater. Mtu anauza nyumba. Yeye anajua mbao zake zimeoza, mnunuzi hajui. Je, aseme? Diogenes anasema: sheria inapomtaka aseme, aseme, isipomtaka, kukaa kimya si kuficha. Mnunuzi ana macho. Antipater anasema hapana, kumwacha mtu aingie hasarani kwa kutojua ni sawa na kuona mtu amepotea usimwonyeshe njia. Cicero mwenyewe aliegemea upande wa Antipater: si kila ukimya ni kuficha, ila ukinyamaza kwa faida yako ili mwenye haki ya kujua asijue, hapo umeficha.

Mjomba wangu hajasoma Cicero, lakini aliitetea hoja ya Diogenes vizuri kuliko Diogenes. Na usimdharau. Wanasheria wa Kiingereza, ambao sheria yetu ya biashara imerithi mengi kwao, nao walianzia hapohapo: mnunuzi ajiangalie mwenyewe, ingawa baadaye waliweka masharti mengi ya kumlinda. Sokoni kwetu watu wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, maana yake fungua macho, mwanangu. Wapo pia watakaokumbusha kisa cha Mtume sokoni, alivyotia mkono ndani ya lundo la nafaka akakuta chini kumelowa, akamuuliza mwenye nafaka kwa nini hakuweka iliyolowa juu watu waione. Mwalimu ni mtu wa msikiti, kisa hicho anakijua. Lakini mwalimu hakutia mkono ndani ya lundo. Alifunga mlango akasifu.

Kwa hiyo hoja ya kwanza, ya kwamba mnunuzi ana macho, ingeweza kunitosha, kama si jambo moja: macho yake niliyafumba mimi. Kama ningekiacha kioo kilivyo na kusema "nunua kama lilivyo", mluzi ungeendelea kumwonya. Anayenyamaza tu ni tofauti na anayenyamaza baada ya kuipaka rangi dalili. Ukimya wa kwanza unaweza kuwa udhaifu. Wa pili ni kazi, una saa zake na spana zake. Mimi niliufanyia kazi kuanzia saa tatu hadi saa tisa.

Hapo utaniuliza, basi kila marekebisho ni uongo? Kila anayekisogeza kioo kifuate mlango mbovu ni mwongo? Hapana, na hapa Tabora yenyewe ilinisaidia kufikiri. Januari 1958 TANU ilikutana Tabora, chama kikiwa karibu kupasuka. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta kura tatu: kila mpiga kura ampigie Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mfumo ule ulikuwa umepinda kwenye nguzo. Wengi walitaka kuususia. Nyerere akawashawishi waingie, na waliingia, na TANU ikashinda. Wengine hawakukubali, Zuberi Mtemvu akajitoa na kuanzisha chama chake. Historia inauita mkutano ule Uamuzi wa Busara.

Nimeufikiria sana uamuzi huo nikiwa na gari la mjomba kichwani. Pale pia watu walikiinamisha kioo kifuate mlango uliopinda. Tofauti ni kwamba hawakusema mlango umenyooka. Walisema waziwazi kwamba mfumo ni mbovu, tunauingia ili tuuvunje. Kila mtu ndani ya ukumbi ule alijua bawaba ipi imelika. Basi kumbe kuinama si dhambi. Maisha yetu yote ni kuinamisha vioo: mshahara haufiki tarehe 20, nyumba ina ufa, mapenzi yana kovu, tunasogeza hiki na kile ili milango ifunge. Dhambi ni kumkabidhi mwenzako kioo kilichoinama na kumwambia, au kumwacha aamini, kwamba hiyo ndiyo sawa. Babu zetu walibeba mizigo iliyofungwa na wengine huko Bagamoyo. Mzigo uliofungwa vibaya haumuumizi aliyeufunga. Unalichuna bega lisilojua kwa nini linauma.

Usiku ule sikulala. Ningeweza kuondoka alfajiri kumfuata mwalimu Tabora na kumweleza yote. Lakini hilo nalo lilinikera. Kumwacha mzee aliyenilea asikie habari yake kutoka kwa mtani wake? Ukweli nao una mlango wake wa kuingilia. Asubuhi nikamwamkia mjomba, "Mwangaluka," nikakaa chini, nikamwambia nimeshindwa. Nikamwambia pale atakaa mtoto, na loki inaishia hatua ya kwanza. Nikamwomba aseme yeye, ili heshima ibaki kwake.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Fundi ni wewe. Kaseme wewe."

Nikaenda. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, hakunitukana, na utani siku ile aliuweka pembeni. Alikuja na fundi bodi, wakaunyanyua mlango, wakatazamana. Gari bado alilitaka, ila nguzo inyooshwe na bawaba zibadilishwe, na gharama itoke kwenye bei. Milioni 8 zikawa milioni 6 na laki 8. Madeni yakachukua milioni 6. Binamu yangu akabakiwa na laki 8, hazikutosha, akaahirisha chuo mwaka mzima.

Hadithi nyingi za maadili zinaishia pale fundi anaposema kweli, na wote wanafurahi. Hii haikuishia pale. Mjomba hakusema nami mpaka Krismasi. Lakini si yeye aliyenifunga mdomo. Ni binamu yangu. Siku naondoka alinisindikiza stesheni, na tulipokuwa tukisubiri treni akasema kwa upole, kama mtu anayeuliza saa, "Kaka, wewe umesema kweli. Mbona nimelipa mimi?"

Sikuwa na jibu, na katika Cicero sikulikuta. Wanafalsafa wengi wanauliza kama ukweli usemwe au usisemwe. Hawaulizi sana bili yake inakwenda kwa nani. Immanuel Kant, mwaka 1785, alitoa mfano wa mwenye duka asiyempunja hata mtoto, kwa sababu uaminifu unamletea wateja, akasema huo si wema bado, ni hesabu tu. Sawa. Lakini vipi kuhusu wema wangu mimi? Uliniletea usingizi. Nililala vizuri kwenye treni. Usingizi ule ulinunuliwa kwa mwaka mmoja wa maisha ya msichana ambaye hakugonga gari, hakupaka puti, wala hakushika spana.

Sikujuta kusema. Mpaka leo sijutii, nikifikiria yule mjukuu na hatua moja ya loki. Ila niliona kwamba anayesema kweli kwa gharama ya mwingine amefanya nusu ya kazi. Kuanzia Agosti 2023 nikaanza kumtumia binamu elfu 60 kila mwezi, wakati mwingine kwa kukopa. Alipoanza chuo Oktoba 2024 zilikuwa zimefika laki 9. Mwezi wa Machi 2025 nikamaliza milioni 1 na laki 2. Mwaka wake sikuweza kuurudisha. Mwaka hauna spea.

Naandika haya katika jarida la vijana wanaotaka kuwa waandishi, na sitaki kukuhubiria. Lakini nawe unajua tunavyofanya. Tunaleta shairi au hadithi, wenzetu wanasema aya ya tatu haijakaa. Tunakwenda nyumbani tunaisugua aya ya tatu, tunaiinamisha, tunaifuta, mpaka inakaa. Hatuunyanyui mlango. Hatujiulizi kama jambo lenyewe tunaloliamini limepinda kwenye nguzo, kama yule mama tunayemwandikia machozi tuliwahi kumsikiliza hata siku moja. Msomaji anafunga kitabu, kinafunga vizuri, anatusifu. Na sisi tunatabasamu.

Siku hizi nikiletewa gari lenye kioo kilichokaa upande, mwenye gari huwa na haraka, anataka nifungue kava mara moja. Namwambia asubiri kidogo. Naufungua mlango nusu, naushika mwishoni kwa mikono miwili, naunyanyua. Wengine hunishangaa, fundi gani huyu, ameitiwa kioo yeye anabeba mlango. Ukipanda, namwita mwenyewe aje auone, na kabla sijamtajia bei ya kioo, tunazungumza kwanza juu ya bawaba, na ni nani atakayeilipia.